Ramani za Zamani na Habari za Nchi

Wazee wetu husema, Penye wazee haliharibiki neno. Lakini wazee hawadumu, na neno wasilomwachia mtu huenda nao kaburini. Kwa sababu hiyo walimu wengi wameanza kuandika habari za nchi wanayokaa: asili ya koo, sababu za majina, mahali palipokuwa na soko, au boma, au njia ya misafara. Kazi hiyo ni njema, ila ina shida moja ambayo kila aliyeijaribu ameionja. Mzee hutaja mahali, naye mwandishi hajui ni wapi. Huandika jina, hufunga daftari, na baada ya miaka michache jina linabaki kama ufunguo ambao mlango wake umepotea.

Hapo ndipo ramani ya zamani iwezapo kutufaa. Nataka kueleza ramani hizo ni za namna gani, zilifanywaje, na husomwaje. Na hasa nataka kuonyesha kosa limpatalo mtu azisomaye kana kwamba hazikosei. Mfano wangu utakuwa nchi ya Usambara na bonde la mto Pangani lililo chini yake, kwa kuwa nchi hiyo iliingia katika ramani mapema kuliko sehemu nyingi za bara, na wamisionari walikuwa miongoni mwa walioichora kwanza.

I. Ramani ni maneno ya watu yaliyochorwa

Wengi hudhani ya kuwa mchoraji wa ramani ameona kila alichokichora. Sivyo. Ramani nyingi za kale ni masimulizi yaliyogeuzwa kuwa mistari.

Mfano ulio mashuhuri ni ramani ya Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, wamisionari wa Church Missionary Society. Mwaka 1854 Erhardt alikaa Tanga, akawauliza watu wa misafara habari za bara: siku ngapi za mwendo, mito gani ya kuvuka, makabila gani njiani. Wenzake nao walikuwa wamesikia habari kama hizo katika bandari nyingine. Wasafiri wa njia moja walisema kwamba safari yao huishia penye maji makubwa. Wa njia ya pili wakasema vivyo hivyo. Na wa tatu vivyo hivyo. Basi wamisionari wakakata shauri kwamba maji hayo yote ni ziwa moja. Wakachora ziwa la ajabu, refu, lenye umbo la konokono aliyetoka katika nyumba yake, na ramani ikapigwa chapa Ulaya katika miaka ya 1855 na 1856.

Leo twajua ya kuwa maziwa ni matatu. Burton na Speke, waliotumwa na Royal Geographical Society baada ya wakuu wake kuiona ramani hiyo, walifika ziwa Tanganyika Februari 1858. Speke akafika kusini mwa ziwa Nyanza Agosti mwaka ule ule. Na Livingstone alifika ziwa Nyasa mwaka 1859. Tena tuangalie vema kosa lilikuwa la nani. Watu wa misafara hawakusema uongo, maana kila mmoja alisema kweli ya njia yake. Kosa liliingia pale mwandishi alipoziunganisha kweli tatu kwa mstari mmoja wa kalamu. Kosa hilo latungoja na sisi, kila tukaapo na daftari mbele ya wazee watatu.

II. Namna tatu za ramani

Mwalimu atakayetafuta ramani za nchi ya Tanganyika ya zamani atakutana hasa na namna tatu.

Ya kwanza ni michoro ya wasafiri na wamisionari wa karne ya 19, kama hiyo niliyoitaja. Hiyo haifai kupimia mwendo. Yafaa kwa majina, na kwa kujua watu wa wakati ule walidhani nini.

Ya pili ni ramani kubwa ya Wajerumani ya kipimo cha 1:300,000, yaani sentimita 1 ya karatasi ni kilometa 3 za nchi. Ilianzwa chini ya Richard Kiepert, ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, ikapigwa chapa Berlin katika karatasi 29, pamoja na vipande vya nyongeza. Wachoraji walikuwa wakikusanya madaftari ya safari ya maofisa, wataalamu na wamisionari. Msafiri alikwenda na dira na saa mkononi. Aliandika alielekea upande gani, na kwa dakika ngapi, na alivuka kijito gani; na jioni, kama mbingu ilikuwa safi, alipima nyota. Kwa hiyo ramani hii ni kama wavu wa nyuzi. Penye uzi, yaani njia aliyoipita mtu, habari ni nyingi mno: vijiji, visima, pori, miamba. Kati ya uzi na uzi mna matundu.

Ya tatu ni ramani za kipimo cha 1:50,000 zilizofanywa baada ya vita ya pili kwa picha zilizopigwa kutoka katika ndege. Ofisi iliyozichora ilianzishwa Uingereza mwaka 1946 chini ya Martin Hotine, na tangu 1957 ikajulikana kwa jina la Directorate of Overseas Surveys. Hapa sentimita 2 ni kilometa 1, na kila karatasi ni robo ya digrii, yaani kilometa 27 hivi kila upande. Ndege haifuati njia. Huona bonde lisilopitiwa na mtu sawasawa na barabara kuu. Kwa hiyo vilima, mito na misitu imechorwa kwa uaminifu mkubwa, na nyumba huonekana kama vitone. Lakini ndege haisikii majina. Jina lilipaswa kuulizwa chini, kwa miguu, na hapo makosa ya zamani yalipata mlango wa kuingilia tena.

Katika ramani yo yote tafuta miaka mitatu: mwaka ambao nchi ilitazamwa, mwaka ambao ramani ilichorwa, na mwaka ambao ilipigwa chapa. Mara nyingi huandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Aonaye mwaka wa chapa tu aweza kudhani kijiji kilikuwapo mwaka huo, kumbe kilihama zamani, na mchoraji alinakili tu kutoka katika karatasi ya kwanza.

III. Majina na masikio ya wageni

Kwa sisi tunaopenda habari za lugha, sehemu hii ndiyo tamu kuliko zote. Jina katika ramani ya kale limepita katika masikio ya mgeni na kuandikwa kwa desturi ya lugha yake. Asiyejua desturi hiyo atatafuta kijiji mchana kutwa, naye amekaa juu yake.

Katika ramani za Wajerumani w mara nyingi ni v yetu, j ni y, sch ni sh, tsch ni ch. S peke yake mara nyingi ni z, na ss ni s. Kwa hiyo Bagamojo ni Bagamoyo, Moschi ni Moshi, Aruscha ni Arusha, Sansibar ni Zanzibar, Usaramo ni Uzaramo, Kilossa ni Kilosa, na Ssongea ni Songea. Vuga, mji mkuu wa Wakilindi katika Usambara, umeandikwa Wuga. Bali kabla ya hapo Krapf, na baada yake Burton, walikuwa wameuandika Fuga. Mji ni mmoja, majina matatu. Vivyo hivyo mto ambao watu wa pwani huuita Pangani, nao wa bara huuita Ruvu, Burton aliuandika Rufu.

Lakini mtu asichukue kanuni hizo kama mashine ya kusaga majina. Ikiwa Wuga ni Vuga, je, mto uitwao Wami katika ramani zile zile ni Vami? Hapana, ni Wami hata leo. Herufi ile ile moja imebeba sauti mbili, na karatasi haiwezi kutuambia ni ipi. Ni kinywa cha mwenyeji peke yake kiwezacho. Kwa hiyo usisahihishe jina la ramani kwa kukisia. Andika jina kama lilivyopigwa chapa, na kando yake jina kama linavyotamkwa na watu wa mahali pale.

Kuna tena majina yasiyotokana na kusikia vibaya, bali na kutawala. Wilhelmstal ni Lushoto ya leo. Hohenfriedeberg, kituo cha wamisionari wa Bethel kilichoanzwa 1891, ni Mlalo. Neu-Langenburg ni Tukuyu. Bismarckburg ni Kasanga. Majina hayo yaliwekwa na watawala na wageni, nayo yalikwisha pamoja na utawala wao. Kinyume chake lipo jina Msalabani, ambalo watu hukiita kituo cha zamani cha UMCA huko Magila. Jina hili pia lilikuja na wageni, lakini wenyeji walilikubali, likawa lao.

La mwisho ni majina ya watu. Msafiri alipofika kijijini aliuliza, Hapa ni wapi? Akajibiwa, Kwa fulani, yaani jina la mkubwa wa kijiji. Akaandika. Mkubwa akafa, au akahama na watu wake kwa kuwa ardhi imechoka, na jina likaondoka naye. Mgeni wa pili alipopita miaka kumi baadaye alipewa jina jingine. Hivyo ramani mbili zaweza kuonyesha vijiji viwili mahali palipokuwa na kimoja tu. Lakini kosa hilo lina faida yake, maana jina la mtu katika ramani yenye mwaka ni tarehe ya ukoo. Mwambie mzee kwamba mwaka 1890 kijiji kiliitwa kwa babu fulani, nawe utamwona amenyoosha mgongo na kuanza kuhesabu vizazi.

IV. Mfano: Vuga juu, Mazinde chini

Sasa tutazame jinsi ramani na masimulizi yanavyoweza kusaidiana.

Katikati ya karne ya 19 mtawala wa Usambara alikuwa Kimweri ye Nyumbai, wa ukoo wa Wakilindi, ambao hujihesabu kuwa wazao wa Mbegha. Alikaa Vuga. Krapf alimwendea huko mwaka 1848 na tena 1852. Burton na Speke walipanda kumwona Februari 1857. Wote hueleza mlima mkali wa kupanda. Ukichukua karatasi ya 1:50,000 utaelewa mara moja. Mistari ya kimo upande wa bonde imesongamana hata karibu kugusana. Mombo, penye mguu wa milima, pana kimo cha mita 400 hivi. Lushoto juu yake ni mita 1,400 hivi. Mtawala akaaye juu alikuwa na ukuta ambao hakuujenga mtu, na mvua, na migomba.

Chini, penye nchi kavu, palikuwa na njia ya misafara iliyotoka Pangani na Tanga kwenda Upare na Kilimanjaro. Huko Mazinde alikaa Semboja, mwana wa Kimweri. Kimweri alipokufa, 1862, ufalme ulimwendea mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, ambaye kwa biashara ya njia ile alikuwa amepata bunduki na rafiki wa pwani, akamwondoa, akamweka mwanawe mwenyewe Vuga. Naye Semboja hakupanda kukaa mlimani. Alibaki Mazinde.

Habari hizo twazipata kwa maneno ya Abdallah bin Hemedi, aliyekaa miaka mingi kati ya Wakilindi na kuandika kwa Kiswahili kitabu cha Habari za Wakilindi, ambacho wamisionari wa UMCA walikipiga chapa kwa sehemu kabla ya vita ya 1914. Kitabu chatuambia nani alipigana na nani. Lakini kwa nini mshindi hakutaka kiti cha baba yake? Weka ramani karibu ya kitabu, nalo jibu liko mbele ya macho: Vuga iko mbali na njia, na Mazinde iko juu yake. Zamani nguvu zilitoka mlimani, kwa kodi na mvua. Sasa zilitoka mbugani, kwa pembe za ndovu na baruti. Hata Oscar Baumann, Mwaustria aliyesafiri Usambara mwaka 1888 na 1890 na kutoa kitabu na ramani mwaka 1891, aliikuta nchi ambayo kitovu chake kilikuwa kimekwisha kushuka.

Endelea sasa na karatasi za baadaye. Wajerumani walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Reli ilishika bonde lile lile la misafara, kwa sababu milima haikuacha nafasi nyingine. Kando yake katika ramani huonekana mistari iliyonyoka na pembe za mraba. Hayo ni mashamba ya mkonge, mmea ulioletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche elfu aliyoagiza, 62 tu ilifika hai, na mashamba makubwa yalitokana na hiyo. Mkulima wa milimani hufuata mkunjo wa kilima. Mstari ulionyoka sana katika nchi ya mashamba ni alama ya mtu aliyegawa ardhi juu ya karatasi kabla ya kuikanyaga. Uonapo mstari huo, uliza: kabla yake walikaa nani hapa, nao walikwenda wapi? Ramani haitajibu, lakini imekuonyesha mahali pa kuuliza.

V. Mahali peupe na nyumba zisizokuwapo

Jambo hili lahitaji kuangaliwa sana, maana limewadhuru watu. Katika ramani ya 1:300,000 pana sehemu nyingi nyeupe. Mgeni alizitazama akasema, Hii ni nchi tupu. Lakini kama tulivyoona, weupe ni tundu la wavu: maana yake ni kwamba mwandishi hakupita. Tena hata pale alipopita, huenda watu walijificha waliposikia msafara, au walikaa mbali na njia kwa hofu ya kutekwa. Nchi iliyo tupu katika ramani ya wakati wa vita na biashara ya watumwa yaweza kuwa imejaa watu nyuma ya kilima cha kwanza.

Kinyume chake, ramani za picha za ndege huonyesha nyumba mahali ambapo leo ni pori. Katika miaka ya Waingereza watu wa sehemu za magharibi walikusanywa wakae pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Baadaye, Novemba 1973, Rais Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamekaa katika vijiji, na mamilioni wakahamishwa. Karatasi zilizochorwa kabla ya hapo zina vitone vya nyumba vilivyotawanyika kama mbegu zilizomwagwa. Nenda leo, utakuta kijiji kimejipanga kando ya barabara, na kule kwenye vitone pana miembe tu, na mawe ya kusagia, na vigae, na makaburi. Kwa mtoto wa shule kijiji chake kimekuwapo tangu Adamu. Kwa bibi yake, kwao ni kule kwenye miembe. Karatasi ya 1:50,000 yaweza kuwaketisha wawili hao pamoja jioni moja, nami nimeona ikifanya hivyo.

VI. Kosa langu mwenyewe

Nisije nikaonekana kuwafundisha wengine tu, nitaeleza nilivyokosa.

Katika nchi ya milima nilikofundisha, vijiji viwili viligombea chemchemi na kichaka kilichoizunguka. Watu wa upande mmoja walipata nakala ya ramani ya 1:50,000, wakaileta kwangu, kwa kuwa mimi ni mwalimu, niwasomee. Jina la chemchemi lilikuwa limepigwa chapa upande wao wa kijito. Naliitazama, nikasema, Jina liko upande wenu. Neno hilo nililisema kwa haraka, nalo likatembea mbio kuliko mimi. Kabla ya Jumapili lilikuwa limekuwa hukumu: ramani ya serikali imesema maji ni yao. Watu waliokuwa wakichota pamoja wakaanza kuviziana njiani, na watoto wa upande wa pili wakaacha kuja shuleni kwa njia ile.

Kosa lilikuwa nini? Sikukumbuka ya kuwa mpiga chapa huweka jina mahali penye nafasi. Upande wa pili wa kijito mistari ya kimo ilikuwa imesongamana, jina lisingesomeka. Kwa hiyo aliliweka upande wa pili, penye weupe. Kwake ilikuwa ni habari ya wino, si ya urithi. Tena ramani za namna hii nyingi huandikwa pembeni kwamba zisichukuliwe kuwa hoja ya mipaka. Maneno hayo sikuyasoma.

Kulikuwa na bibi mmoja mzee sana ambaye wanaume wa baraza hawakumwita, kwa sababu ni mwanamke, na tena ameolewa kutoka mbali. Nilikwenda kumsalimu, nikamwonyesha karatasi. Aliigusa kwa kidole, akacheka kidogo, akasema, Mwalimu, hiyo karatasi yako haijachota maji hapa hata siku moja. Kisha akainuka, akatuongoza, wazee wa pande zote mbili wakifuata. Akatuonyesha ndani ya kichaka makaburi ya mtu ambaye chemchemi inaitwa kwa jina lake, na mimea ya masale iliyopandwa kuyazunguka. Watu wa ukoo wake walikuwa upande usio na jina katika ramani. Akatueleza pia kwamba tangu alipoletwa akiwa bibi arusi, wanawake wa vijiji vyote viwili walichota, hawa asubuhi na hawa jioni, na hakuna aliyeuliza maji ni ya nani.

Shauri likaisha hivyo: kichaka na makaburi vikabaki kwa ukoo, maji yakabaki kwa wote, asubuhi na jioni kama kwanza. Mimi nilisimama mbele ya baraza nikaomba radhi. Tangu siku ile sijasoma ramani mbele ya watu kabla ya kutembea.

VII. Jinsi ya kufanya

Basi, kwa ndugu walimu na makasisi watakaotaka kujaribu, nashauri hivi.

Kwanza, chagua nchi ndogo, isiyozidi mwendo wa siku moja kwenda na kurudi. Tafuta karatasi mbili za nyakati mbalimbali. Za 1:50,000 huulizwa katika idara ya serikali ya upimaji na ramani.

Pili, linganisha karatasi hizo kwa vitu visivyohama: makutano ya mito, vilele, maporomoko. Usianze na vijiji, maana hivyo huhama. Kumbuka kwamba urefu wa sentimita 1 katika ramani ya Wajerumani ni sentimita 6 katika ile ya 1:50,000, na kwamba njia iliyopimwa kwa saa na dira yaweza kukosea hata mwendo wa saa nzima.

Tatu, andika majina yote katika daftari lenye safu nne: jina kama lilivyopigwa chapa, jina kama linavyotamkwa, maana yake, na aliyeeleza.

Nne, uliza bila kuongoza. Usimwambie mzee, Je, hapa ndipo palipokuwa soko? Mzee mwenye adabu hatapenda kumwaibisha mgeni, atasema ndiyo. Mwulize, Hapa paliitwaje? Kisha nyamaza. Waulize na wanawake, maana wao ndio wajuao maji na kuni. Na waulize wachungaji wa mbuzi, maana wao ndio wajuao mahali peupe.

Tano, wakisema wazee watatu maneno matatu, yaandike yote matatu. Usiyafanye kuwa ziwa moja.

Sita, na hili nawaambia hasa makasisi, fungueni vitabu vya ubatizo. Katika vituo vya zamani mna majina ya watu pamoja na kijiji walikotoka, na tarehe. Kitabu cha ubatizo ni ramani isiyochorwa. Nimeona ndani yake vijiji ambavyo havimo katika karatasi yo yote ya leo. Ukivitafuta katika ramani ya kale wakati mwingine vinajitokeza, na mtu aliyekuwa jina tu anapata kilima chake na kijito chake. Vitabu hivyo vinaliwa na mchwa. Vinakiliwe.

Mwisho, matokeo yasiende mbali na wenyewe. Nakala moja ikae shuleni, na moja kwa wazee. Watoto wasomewe, na majina yao ya mahali yaandikwe kwa sauti ya kwao, si kwa sauti ya msafiri aliyepita siku moja na saa yake mkononi.

Ramani ya zamani ni shahidi. Haikula kiapo, haikuona yote, na mara nyingine ilisikia vibaya. Lakini ilikuwapo siku ile, na sisi hatukuwapo. Shahidi wa namna hiyo haifai kumfukuza, wala haifai kumwachia kiti cha hakimu. Na mashahidi wenzake, wale wanaojua kusema kama karatasi ina haki au haina, wamekaa vibarazani mwao jioni hii. Bibi yule aliyetuongoza kichakani hayupo tena. Alituachia chemchemi, na majina kumi na saba katika daftari langu. Nalichelewa kumwuliza mengine.